Hotuba ya zebaki: mwongozo kwa mwanafunzi wa Makongolosi

Ukiambiwa uandae hotuba ya kuelimisha ya dakika tano, usichukue "Madini ya Tanzania". Hutaimaliza. Chukua swali la hapo hapo Chunya, ambako dhahabu ya Lupa imechimbwa tangu miaka ya 1920: kuchoma dhahabu kwa zebaki kunamdhuruje mchimbaji?

Anzia mwaloni, wanakosaga na kuosha mawe ya dhahabu. Wasalimie wakubwa, jieleze kuwa ni mwanafunzi, na usipige picha bila ruhusa. Wakianza kuchoma, ondoka karibu na moto. Uliza hatua kwa hatua: mawe yanatoka duarani, yaani shimoni, yanasagwa kwenye karasha, yanaoshwa, zebaki inatiwa, donge linakamuliwa kwa kitambaa, kisha linachomwa. Andika walivyosema wao, ila majina yao yabaki kwenye daftari lako.

Mchimbaji anajua kazi. Madhara uyatafute kwa daktari, mwalimu wa kemia na machapisho ya Shirika la Afya Duniani. Zebaki hushikana na chembe za dhahabu, na ikichomwa hugeuka mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauonekani wala haunuki, na takriban asilimia 80 ya unaovutwa huingia mwilini kupitia mapafu. Hudhuru mishipa ya fahamu na figo. Mikono kutetemeka ni mojawapo ya dalili.

Hapa wengi huteleza. Wakikutana na habari za Minamata, mji wa Japani ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa mwaka 1956, huzihamishia Makongolosi zima zima. Minamata watu walikula samaki waliochafuliwa na maji taka ya kiwanda. Anayechoma dhahabu anavuta mvuke. Ni sumu ya metali ile ile, lakini kwa umbo tofauti na kwa njia tofauti. Ukiueleza mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki wa mwaka 2013 uliopewa jina la mji huo, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, ionyeshe tofauti hiyo waziwazi. Sentensi hiyo moja itamwonyesha mwalimu kwamba umesoma, hukunakili.

Unapozungumza, taja chanzo palepale: "Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani…" Kusema tu "utafiti unaonyesha" hakumsaidii msikilizaji. Salamu ziwe fupi; "itifaki imezingatiwa" inatosha, maana wapo wanaomaliza dakika nzima kuwataja wageni. Beba kadi yenye vichwa vya hoja tu, na ujipime kwa saa ya simu ukisema kwa sauti. Kusoma kimyakimya hudanganya muda.

Usihubiri. Darasani huenda yupo ambaye karo yake inatoka mwaloni, na atauliza: "Sasa baba atumie nini?" Jiandae kumweleza kifaa kilichofunikwa kinachonasa mvuke na kuupoza, zebaki ikarudi kuwa kimiminika na kutumika tena.