Roboti ya Kuazima: Somo Nililolipata kwa Mhandisi wa Mchezoni

Mhariri aliponiomba niandike makala ya mafunzo mwaka huu, wengi walidhani nitaandika juu ya mizani na vina. La hasha! Leo nitawafunza kazi ya kuunda roboti. Karakana niliyojifunzia haiko Nairobi wala Japani. Imo ndani ya mchezo wa kompyuta. Msicheke kwanza. Kuna jambo nililolijua mle ambalo, kama ningalilijua mapema, nisingaliaibika mbele ya watu mwaka jana. Aibu hiyo nitaieleza mwishoni. Kwanza tusome.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huo unaitwa Anarchy Online. Ulitengenezwa na kampuni ya Funcom ya Norwe, na ulifunguliwa kwa umma tarehe 27 Juni, 2001. Watu wa nchi mbalimbali huingia kwa njia ya intaneti katika ulimwengu mmoja, kila mtu na mhusika wake, mithili ya waigizaji walio katika jukwaa moja lisilo na pazia.

Hadithi yake imepelekwa mbele sana, hadi mwaka wa 29475, katika sayari kavu iitwayo Rubi-Ka. Huko huchimbwa madini yaitwayo notum, ambayo ndiyo msingi wa teknolojia ya nano, yaani mashine ndogo ajabu zisizoonekana kwa macho. Kampuni moja kubwa, Omni-Tek, ilipewa mkataba wa kuimiliki sayari nzima kwa miaka 1000. Waliochoka na utawala wake wakaasi na kuunda koo zao. Katikati wapo wale wasiotaka upande wowote.

Mimi niliujua mchezo huu likizo ya Desemba, nilipokwenda Nakuru kwa mjomba wangu. Mjomba ana saiba yenye kompyuta kuukuu, zile ambazo ukiziwekea mchezo mpya zinaanza kupumua kama mgonjwa wa pumu. Huu wa zamani zinauweza. Tena, mwishoni mwa mwaka wa 2004 kampuni iliruhusu sehemu ya msingi ya mchezo ichezwe bila malipo, na nyote mnajua mfuko wa mwanafunzi ulivyo. Jioni wateja walipokwisha, binamu yangu anayenizidi miaka mitano aliniketisha mbele ya mashine moja, akaniambia, "Haya, chagua kazi."

KAZI YA MHANDISI

Mchezo ulianza na kazi 12, na mwaka wa 2003 zikaongezwa mbili zikawa 14. Kuna askari, daktari, mfanyabiashara, jasusi na kadhalika. Mimi nilichagua uhandisi. Mhandisi mwenyewe si mtu wa kutisha. Anajua kulenga bastola, ndiyo, lakini silaha yake hasa ni roboti anayoiunda. Roboti hutangulia, hupiga na kupigwa, naye husimama nyuma akiitunza. Ukitaka kuwa mhandisi barabara, fuata hatua hizi:

Kwanza, maarifa. Kila unapopanda daraja, unapewa pointi za kujiendeleza, nawe ndiwe utakayeamua zitumike kwa elimu gani. Roboti za mhandisi hudai elimu mbili hasa: elimu ya kuumba maada, na elimu ya wakati na anga. Elimu hizo nazo hutegemea vipawa vyako sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hisi na uwezo wa nafsi. Ukitawanya pointi zako ovyo kama mtu anayelisha kuku, utakuwa unajua kila kitu kidogo na huwezi kitu chochote.

Pili, programu. Kila roboti ina programu yake ya nano, na kila programu ina kiwango cha maarifa kinachotakiwa. Ukipungukiwa hata na pointi moja, basi, hakuna roboti. Programu haina huruma, na haijui wewe ni mtoto wa nani.

Tatu, ganda. Ukiiendesha programu, akiba yako ya nguvu za nano huteremka, na ganda la roboti hutokea mkobani mwako. Ukilitumia ganda hilo, roboti yenyewe husimama mbele yako.

Nne, amri. Roboti huamriwa kwa maneno mafupi: fuata, ngoja, shambulia, linda, rudi nyuma. Ipo amri ya kuitaka itoe ripoti na hata amri ya kuivunja. Unaweza pia kuibandika jina upendalo. Yangu niliita Kifaru.

Tano, matunzo. Mhandisi ana programu za kuikarabati roboti inapoumizwa vitani. Pia ana vifaa vidogo vya kuirekebisha tabia, kwa mfano kuifanya iwachokoze maadui ili wamwache daktari wa kikundi na kuigeukia yenyewe. Kwa hivyo msidhani mhandisi amesimama bure pale nyuma. Kazi anayo.

Majina ya roboti yenyewe hukuonyesha ulipofika. Anayeanza hupata otomatoni dhaifu ya viraka. Mkongwe huongoza mashine ya vita. Kikomo cha madaraja kilikuwa 200, kisha mwaka wa 2003 kikasogezwa hadi 220 kwa walionunua nyongeza ya mchezo. Safari ni ndefu, na hapo ndipo mimi niliposhindwa kuvumilia.

JE, ROBOTI NI NGELI GANI?

Kabla sijaendelea, ngoja niwajibu wale wanaonuna nikisema "roboti ilipiga" badala ya "roboti alipiga". Swali hili lilizua mjadala mkali chamani muhula wa kwanza. Kikundi kimoja kilisema roboti inatembea, inapigana na ina jina, kwa hivyo iingie A-WA pamoja na watu na wanyama. Kikundi cha pili kikasema haina uhai, nafasi yake ni I-ZI pamoja na baiskeli na redio.

Mwalimu wetu mlezi alitusikiliza mpaka tukachoka, kisha akauliza, "Roboti ikikosea, nani aadhibiwe?" Darasa zima kimya. Mimi nilijua jibu, tena nililijua kwa machungu. Ndiyo sababu katika makala haya roboti yangu ni I-ZI tu. Nikisema "Kifaru alikosea," nitakuwa ninaitupia mashine mzigo wangu.

KOSA LANGU

Katika mchezo huu kuna kazi iitwayo Meta-Physicist. Wenye kazi hiyo wana programu za kuwaongezea wengine maarifa ya nano kwa muda. Wahandisi wengi huwaendea wakaomba, wakapandishwa maarifa, wakaharakisha kuunda roboti iliyo juu ya kiwango chao. Muda ukiisha, maarifa hurudi chini yalipokuwa, lakini roboti iliyokwisha kuundwa hubaki. Si wizi, wala si siri. Ni desturi ya wachezaji.

Basi mimi nikamwomba mtaalamu mmoja, naye kwa ukarimu akanipandisha. Nikaendesha programu ambayo kwa uwezo wangu nisingeiendesha hata baada ya wiki kadhaa. Kifaru ikasimama, kubwa kama lori la miwa! Nikavimba kichwa. Nikaacha hata kuzigawa pointi zangu vizuri, maana za nini? Roboti ninayo.

Siku ya pili nikaalikwa katika kikundi. Kikundi kimoja huchukua watu 6, nasi tulitimia. Kiongozi wao akaniandikia kwa Kiingereza, akaniuliza kama hiyo roboti naweza kuimudu. Ilinibidi niseme, "Ni ya kuazima maarifa. Ikivunjika, sitaweza kuunda nyingine kama hiyo." Lakini ulimi wangu, au niseme vidole vyangu, viliandika: "Ndiyo."

Tukaingia katika jengo la kazi tuliyopewa. Vyumba viwili vya kwanza tulivipita kama upepo. Katika chumba cha tatu kiongozi akasema tungoje. Mimi, kwa kiherehere, nikaiamuru Kifaru ishambulie adui aliyekuwa ng'ambo kabisa. Ikaenda. Roboti haibishi, haikuulizi kama umefikiri. Ilipokuwa ikirudi, ilikuwa na msururu wa maadui nyuma yake.

Nikaikarabati, nikaikarabati tena, mpaka nguvu zangu za nano zikakauka. Kifaru ikavunjika. Wenzangu wakaniandikia, "Unda nyingine! Haraka!" Nikaiendesha ile programu. Jibu likaja kwenye kioo: maarifa hayatoshi. Sikuwa na ganda jingine mkobani, na hata roboti yangu ndogo ya halali sikuweza kuiunda maana nguvu nilikwisha kuzimaliza. Kijasho chembamba kikanitoka kana kwamba maadui wale wamo saibani. Daktari wetu akaanguka wa kwanza. Dakika moja haikupita, sote sita tulikuwa chini.

Mle mchezoni ukifa hufi moja kwa moja. Unarejeshwa kwa sababu una bima, lakini hasara ni yako: uzoefu uliouchuma tangu ulipojiwekea bima mara ya mwisho unaondoka. Watu wale walikuwa wamehangaika jioni nzima. Nilingoja matusi. Kiongozi hakunitukana. Aliandika sentensi moja tu, ambayo nikiitia katika Kiswahili ni hii: "Ungetuambia, tungepanga vingine."

Afadhali angenitukana! Binamu yangu aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti changu akasema, "Umesikia? Hakuna aliyekukataza kuazima. Umekosea kuficha." Wahenga nao walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Walimu mtanisamehe, ndivyo methali ilivyo.

AIBU NILIYOWAAHIDI

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya mchezo. Nilikumbuka maonyesho ya sayansi ya mwaka jana. Wengi wenu mlikuwapo. Mimi na mwenzangu tulipeleka kifaa cha kutambua moshi jikoni, kizuri, kimepakwa rangi, king'ora chake kinalia hadi kule uwanjani. Mlitupigia makofi. Kisha mwamuzi akaelekeza kalamu kwenye waya mmoja akaniuliza, "Huu nikiukata, nini kitatokea, na kwa nini?"

Nilipigwa na butwaa. Nikamtazama mwenzangu, naye akanitazama mimi. Ukweli ni kwamba kifaa kile kilitengenezwa na fundi wa redio mjini. Sisi tulilipa tu, tukapaka rangi. Mwamuzi akaandika kitu kidogo kwenye karatasi yake, akaenda meza ya pili. Ninyi mkaambiwa kwamba kifaa kiliharibika. Hakikuharibika. Kilikuwa Kifaru yangu ya kwanza.

Mwaka mzima nimekuwa nikimlaumu mwamuzi yule kwamba ni mkali. Wahandisi wa Rubi-Ka ndio walionifumbua macho. Cheo, kifaa, hata alama za mtihani, waweza kuzipata kwa maarifa ya mtu mwingine, na zitasimama vizuri kabisa mpaka siku zitakapovunjika. Siku hiyo utaambiwa, "Unda nyingine," na programu haitaangalia jana ulikuwa na nini mkononi.

Likizo ilipokwisha nilimwendea fundi yule. Nikamwambia, "Mzee, sitaki kifaa. Nataka unifunze." Alicheka, kisha akanipa chuma cha kulehemu. Jumamosi sita nilikwenda, nikaungua vidole viwili. Mwaka huu tulipeleka kifaa tulichokiunda wenyewe. Kilikuwa kibaya wa sura, nyaya zimetokeza kama nywele za mtu aliyeamka. Tukawa nafasi ya nne, hatukuendelea mbele. Lakini mwamuzi aliponiuliza juu ya waya, nilimjibu. Akauliza la pili, nikajibu. La tatu sikulijua, nikamwambia, "Hilo sijui, bwana, bado ninajifunza." Akatabasamu.

Na katika mchezo? Nikirudi Nakuru huingia kidogo. Nina roboti ndogo, dhaifu, ambayo hainishangazi mtu. Ikivunjika naunda nyingine papo hapo. Nikiazima maarifa, nawaambia wenzangu kabla hatujaingia mlangoni.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI

1. Taja elimu mbili ambazo mhandisi wa mchezo huu huhitaji ili kuunda roboti, kisha ueleze kwa nini kutawanya pointi ovyo humdhuru.

2. "Roboti imevunjika" au "Roboti amevunjika"? Toa sababu za jibu lako.

3. Kuna tofauti gani kati ya kusaidiwa na kujifanya? Toa mfano mmoja kutoka darasani kwako. (Usitaje jina la mtu, tafadhali!)

4. Ni kitu gani ulicho nacho leo ambacho kikivunjika huwezi kukiunda tena mwenyewe?

Swali la nne mtu asimjibu mwenzake. Ajijibu mwenyewe, kimyakimya. Kwaherini hadi toleo lijalo, Mungu akitujalia.