Klasta ya Majaribio kwa Amri Moja

Kwenye timu yetu, mgeni wa kazi hapewi kurasa za maelekezo. Hupakua msimbo, huandika `make pandisha`, na baada ya muda si mrefu klasta nzima ya Kubernetes inakuwa hai ndani ya kompyuta yake, pamoja na hifadhidata na huduma ya malipo. Zamani utaratibu huo ulikaa vichwani mwa watu wachache. Wakisafiri, kazi ililala.

Zana inayobeba mzigo huu ni kongwe. Stuart Feldman aliiandika Make pale Bell Labs mwaka 1976 ili kazi ya kukompaili programu isirudiwe pasipo sababu. Zipo zana mpya za kuvutia, lakini mimi naipenda Make kwa kuwa kila mfumo wa Linux unayo au unaipata upesi, na utaratibu wote unakaa ndani ya faili moja linalosomeka. Mwenzake ni kind, programu inayoendesha kila nodi ya klasta kama kontena ya Docker. Huhitaji kukodi seva yoyote.

Hili ndilo faili letu, likiwa limepunguzwa:

```
KLASTA := maabara
K := kubectl --context kind-$(KLASTA)

.PHONY: klasta imeji pandisha futa

klasta:
	kind get clusters | grep -qx $(KLASTA) || \
	kind create cluster --name $(KLASTA) --config kind.yaml

imeji: klasta
	docker build -t malipo:dev ./malipo
	kind load docker-image malipo:dev --name $(KLASTA)

pandisha: imeji
	$(K) apply -f usanidi/hifadhidata/
	$(K) rollout status statefulset/postgres --timeout=180s
	$(K) apply -f usanidi/malipo/
	$(K) rollout restart deployment/malipo
	$(K) rollout status deployment/malipo --timeout=180s

futa:
	kind delete cluster --name $(KLASTA)
```

Kila mstari wa amri lazima uanze kwa tabo. Nafasi za kawaida hazikubaliki.

Sehemu ya kuitafakari zaidi ni lengo la `klasta`. Make huamua kipi kifanyike kwa kulinganisha saa za mafaili: chanzo kikiwa kipya kuliko zao, kazi inarudiwa. Klasta si faili. Wengine huunda faili tupu kama alama kwamba klasta ipo, lakini mtu akiifuta klasta kwa mkono au akisafisha Docker, alama inabaki na Make inaamini uongo. Ni bora kuiuliza kind yenyewe kila mara. Swali hilo huchukua muda mfupi sana, na ndilo linalokuruhusu kuandika `make pandisha` asubuhi, mchana na jioni bila kujali kama klasta ipo au haipo.

Kipande cha `--context` msikiondoe kamwe. Kompyuta ya mtengeneza programu huwa na funguo za klasta nyingi, pengine hata ile inayohudumia wateja, na kubectl, zana ya kuipa klasta amri, isipoelekezwa hufuata ile iliyochaguliwa mwisho. Hapa kila amri imefungwa kwenye `kind-maabara`. Hata ukiwa umechoka usiku wa manane, faili hili haliwezi kugusa data ya wateja.

Kuna jambo la lebo za imeji pia. Imeji ikipewa lebo ya `latest`, Kubernetes kwa kawaida huenda kuitafuta kwenye ghala la mtandaoni, hata kama umekwisha kuiingiza kwenye nodi. Ndiyo maana tunatumia `dev`. Ila lebo isipobadilika, `apply` haioni jipya lolote na kontena za zamani zinaendelea kufanya kazi. `rollout restart` ndiyo inayozilazimisha kuanza upya na imeji mpya.

Kwa tunaonunua bando, ukubwa wa imeji ya nodi, ile ambayo kind huipakua, si jambo dogo: ni mamia ya megabaiti. Mmoja aipakue, aihifadhi kwa `docker save`, aiweke kwenye flashi, na wengine waifungue kwa `docker load`. Kisha taja jina na toleo la imeji hiyo ndani ya `kind.yaml`, vinginevyo kind itatafuta ile iliyoizoea na kurudi mtandaoni. Kufanya hivyo kuna faida nyingine: timu nzima inakuwa kwenye toleo moja la Kubernetes, na ule ubishi wa "kwangu inafanya kazi" unapungua sana.

`rollout status` ina kazi mbili. Kwanza inazuia huduma ya malipo isipandishwe kabla hifadhidata haijawa tayari. Pili, muda ukiisha bila huduma kusimama, amri inarudisha kosa na Make inasimama papo hapo, badala ya kukuachia klasta iliyo nusu hai inayoonekana nzima.

Kwa sababu hiyo, seva yetu ya majaribio nayo huita `make pandisha` hiyohiyo kila msimbo mpya unapoingia, ikamaliza kwa `make futa`. Jaribio likifeli kule, aliyeandika msimbo huita amri ileile mezani kwake na kuanza kulisaka kosa kwenye klasta iliyojengwa kwa hatua zilezile.