SOMO: Kampuni Inavyopangwa, na Kazi za Sayansi Ndani ya Kiwanda



Somo la robo hii limetokana na mambo mawili yanayofika mezani kwetu mara kwa mara kutoka Lumuma na kata jirani. La kwanza ni vikundi vya wakulima wa vitunguu vinavyouliza kama sasa vijisajili kuwa kampuni. La pili ni maombi ya ada kwa vijana waliofaulu sayansi kidato cha nne, ambayo karibu yote hutaja udaktari, uuguzi au ualimu. Ili kuyajibu yote mawili vizuri, inatupasa tufahamu kampuni inapangwaje na wanasayansi hukaa wapi katika mpango huo.

Mfano hauko mbali. Wilaya yetu ya Kilosa ni wilaya ya miwa, na kiwanda cha sukari kinaonyesha karibu kila kazi ambayo tungependa kijana wetu aijue.

1. Nani mwenye kampuni?

Kampuni ni mtu wa kisheria. Inaweza kumiliki mali, kukopa, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake yenyewe. Wenye kampuni ni wanahisa, na kila mmoja ana sauti kwa kadiri ya hisa zake.

Kampuni ya Sukari Kilombero ilijenga viwanda pande mbili za Mto Ruaha Mkuu: Msolwa upande wa Kilombero, na Ruembe upande wetu wa Kilosa. Ilikuwa mali ya umma hadi ilipobinafsishwa mwaka 1998. Serikali ilibaki na asilimia 25 ya hisa, na sehemu kubwa iko chini ya Illovo, kampuni yenye chimbuko Afrika Kusini, ambayo tangu mwaka 2016 inamilikiwa yote na Associated British Foods ya Uingereza. Kwa hiyo faida ya mfuko wa "Bwana Sukari" unaouzwa dukani Mikumi hugawanywa kati ya Hazina yetu na wenye hisa walio mbali.

Kiwanda cha Mkulazi kilichoko Mbigiri, pia wilayani Kilosa, kilizinduliwa mwezi Agosti 2024. Wenye hisa hapo ni Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) na Jeshi la Magereza. Fedha iliyotumika ni akiba za wafanyakazi, na ndizo zinazotarajiwa kurudi na faida.

Namna ya tatu ni chama cha ushirika cha mazao, yaani AMCOS, kinachosajiliwa kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Humo kila mwanachama ana kura moja, awe na ekari moja au ishirini. Tofauti hii ya kura ni jambo la kwanza ambalo kikundi kinapaswa kulijadili kabla hakijajaza fomu yoyote.

2. Ngazi za uongozi

Mpangilio wa kampuni si mgeni kwa mzee wa usharika. Wanahisa hukutana katika mkutano mkuu wa mwaka na kuchagua bodi ya wakurugenzi. Bodi haishiki spana wala haikati miwa. Kazi yake ni kuweka sera, kupitisha bajeti, kumwajiri mkurugenzi mtendaji na kumwajibisha. Mkurugenzi mtendaji husimamia wakuu wa idara, nao husimamia mameneja, wasimamizi wa zamu na wafanyakazi.

Idara zenyewe ziko za aina mbili. Zipo zinazotengeneza na kuuza bidhaa: kilimo, kiwanda na mauzo. Zipo zinazohudumia na kuangalia: fedha, ununuzi na ghala, utumishi, maabara ya ubora, usalama na mazingira, na ukaguzi wa ndani.

Hapa kuna kanuni moja tunayoomba kila kamati iishike: anayepima asiwe chini ya amri ya anayepimwa. Meneja wa kiwanda anadaiwa tani nyingi kila siku. Mpima ubora akiwa anapokea amri kwake, siku sukari itakapotoka ikiwa na unyevu mwingi ataombwa afumbe macho. Ndiyo maana kampuni iliyopangwa vizuri humpa mkuu wa ubora njia ya kufikisha taarifa moja kwa moja kwa mkurugenzi mtendaji, na humpa mkaguzi wa ndani njia ya kufika kwenye bodi. Nje ya uzio wapo wapimaji wengine: Shirika la Viwango (TBS) kwa ubora wa bidhaa, OSHA kwa usalama kazini, NEMC kwa mazingira, na Wakala wa Vipimo kwa mizani.

3. Tufuate muwa, tuwaone wanasayansi

Shambani. Kabla muwa haujapandwa, mtafiti amechagua mbegu. Katika nchi yetu utafiti wa miwa hufanywa na kituo cha TARI Kibaha. Mbegu inatazamwa utamu wake, uvumilivu wake wa ukame, na kinga yake dhidi ya magonjwa kama fugwe. Bwana shamba au bibi shamba wa kampuni hupima udongo, hupanga mbolea na umwagiliaji, na hukadiria siku ya kuvuna. Kazi hizi zinataka baiolojia, kemia na jiografia.

Mizani na maabara. Gari la miwa likifika hupimwa uzito, kisha huchukuliwa sampuli. Fundi sanifu wa maabara hukamua sampuli ile na kuipima kwa refraktomita, inayoonyesha wingi wa vitu vilivyoyeyuka, na kwa polarimita, inayoonyesha jinsi sukari inavyouzungusha mwanga. Hapo hupatikana kiasi cha sukari kilichomo katika muwa.

Tufanye hesabu ya mfano. Wakulima wawili wameleta tani 10 kila mmoja. Muwa wa kwanza una sukari asilimia 10, wa pili asilimia 8. Wa kwanza ameleta kilo 1,000 za sukari, wa pili kilo 800. Uzito ni ule ule, lakini thamani imetofautiana kwa kilo 200. Pale ambapo malipo hufuata uzito pamoja na kiasi cha sukari, kalamu ya yule fundi sanifu ndiyo inayoamua ada ya shule ya mtoto wa mkulima. Tena muwa uliokatwa huendelea kupoteza sukari kadiri saa zinavyopita, hasa ukiwa umechomwa moto, hivyo foleni ndefu ya magari getini nayo humpunguzia mkulima malipo. Mkulima asiyejua mambo haya hulalamikia mizani, kumbe huenda sukari yake ilipotea njiani.

Kiwandani. Muwa hukatwakatwa na kukamuliwa. Maji yake husafishwa kwa chokaa, huchemshwa hadi yawe mazito, kisha hupikwa katika matangi yenye hewa iliyopunguzwa ili chembe za sukari ziundike kwa joto dogo bila kuungua. Mashine zinazozunguka kwa kasi hutenganisha chembe hizo na molasi. Mtaalamu wa teknolojia ya sukari ndiye anayesimamia upishi huu. Makapi ya miwa huchomwa kwenye boila, mvuke wake huendesha mitambo na kufua umeme. Mkemia wa maji huhakikisha maji ya boila hayaachi magaga ndani ya mabomba, kwa maana boila iliyosongwa na magaga inaweza kupasuka na kuua watu.

Matengenezo. Hapa kuna ngazi tatu ambazo wazazi wengi huzichanganya. Mhandisi ana shahada na husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Yeye husanifu na kuamua. Fundi sanifu ana stashahada. Hupima, hutafuta hitilafu na kusimamia kazi. Fundi mchundo amepitia VETA au mafunzo ya kazini. Ndiye anayechomelea, anayefunga mota, anayechonga chuma. Mmoja wa hao akikosekana, mitambo husimama.

Usalama na mazingira. Afisa usalama ana mamlaka ya kusimamisha kazi yenye hatari. Afisa mazingira hupima maji machafu kabla hayajarudi mtoni, na wanaokunywa maji ya mto huo ni watu wetu.

4. Somo hili Lumuma

Tunarudi kwenye vitunguu. Vikundi vyetu vinaumizwa na lumbesa, ule mfuko ulioongezwa kilemba juu. Sheria ya vipimo inakataza ufungashaji wa mazao unaozidi kilo 100, lakini mkulima aliye peke yake na kitunguu kinachoanza kuoza hana nguvu ya kubishana. Tuseme kila mfuko umebeba kilo 20 za ziada. Katika mifuko 50 mkulima ametoa bure kilo 1,000.

Usajili peke yake hautaondoa lumbesa. Kinachoweza kuiondoa ni kikundi kujipanga kama tulivyoona kiwandani, hata kikiwa na watu thelathini tu:

(a) Mkutano wa wanachama uwe juu ya kamati, na kamati iwe juu ya mtendaji. Mtu mmoja asishike vyeo viwili katika ngazi hizo.

(b) Mtu wa shamba awajibike kwa mbegu, mbolea na tarehe ya kufunga maji. Kitunguu kinachomwagiliwa hadi siku ya kuvuna, au kilichozidishiwa mbolea ya chumvichumvi mwishoni, huoza mapema ghalani.

(c) Mtu wa ubora achambue vitunguu kwa ukubwa na kuhakikisha shingo zimekauka kabla ya kufungwa. Huyu awajibike kwa kamati, wala asipokee amri kwa mtu wa mauzo.

(d) Mizani iwe ya kikundi, iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na mtunza mizani asiwe na undugu wa biashara na mnunuzi.

(e) Mweka hazina aandike, na mtu mwingine akague. Vyama vya ushirika vina COASCO kwa kazi hiyo. Kikundi kidogo kinaweza kumwomba mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani.

Kikundi kikiweza kuishi hivi kwa misimu miwili ya mavuno, ndipo tunashauri kiamue kati ya AMCOS na kampuni inayosajiliwa BRELA. Kisajiliwe kikiwa tayari kinajua kazi ya kila mtu.

5. Kwa kamati za elimu na wafadhili wetu

Hatusemi tuache kusomesha waganga na walimu. Zahanati na shule zetu bado zinawahitaji. Tunachoomba ni kwamba binti aliyefaulu kemia na fizikia aelezwe pia njia nyingine. Ipo stashahada ya teknolojia ya maabara katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Kipo Chuo cha Taifa cha Sukari pale Kidatu. Zipo shahada za kilimo, uhandisi wa kilimo na sayansi ya chakula katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Ziko kozi za VETA za umeme na mitambo. Masomo ya cheti na stashahada huchukua muda mfupi kuliko shahada, na kijana huingia kazini mapema.

Mwaka 2021 Kilombero walianza upanuzi uliolenga kutoka tani 127,000 za sukari hadi tani 271,000 kwa mwaka. Viwanda hivyo viko wilayani kwetu na mpakani mwetu. Tusipoandaa vijana, watoto wa Kilosa wataingia humo kwa panga la kukatia miwa tu, na meza ya maabara itakaliwa na waliotoka mbali. Aidha, mkulima wa miwa wa Kidodi au Ruaha angepata amani zaidi kama angejua kwamba aliyepima muwa wake amesoma, ana kiapo cha kazi, na anaweza kumweleza kipimo kile kwa lugha anayoielewa.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika kikundi chetu, nani anapima, na anapokea amri kwa nani?
2. Je, tunataka kura kwa hisa au kura kwa mtu? Kila njia itamfaidisha nani, na itamwacha nani?
3. Katika vijana tuliowasomesha, wangapi wamesomea ufundi au maabara? Kwa nini?
4. Kijana wetu akiwa mpima ubora na bosi akamwambia abadilishe namba, tumemwandaaje kujibu?

Tunaomba majibu ya swali la kwanza na la tatu yaandikwe katika taarifa ya robo ijayo. Tutayatumia kupanga ufadhili wa masomo na mafunzo ya vikundi.