Intaneti ya nyumbani Katesh: nichague kampuni gani?

Swali: Nataka intaneti ya nyumbani hapa Katesh. Nichague kampuni gani, na ikikatika nimlalamikie nani?

Jibu: Usianze na bei, ndugu yangu; anza na mawimbi. Mlima Hanang, ulio hapo Katesh, una urefu wa mita 3,417, na nyumba iliyozibwa na mlima huo hukosa mtandao ambao jirani wa ng'ambo anaupata vizuri. Alika marafiki wenye laini tofauti, mjaribu ndani kwako saa mbili usiku, watu wengi wakiwa mtandaoni. Intaneti ya waya wa faiba ikifika mtaani, ichukue.

Hitilafu ikitokea, ripoti kwa kampuni, dai namba ya malalamiko, andika tarehe na saa. Wakikuzungusha, peleka kumbukumbu hizo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ofisi ya Kanda ya Kaskazini, Arusha. Usiache kulalamika, huduma umeilipia.