Aliyezimia Ndiye Aliyepewa Dhahabu

Wanachuo wengi wanaokuja dojo kwetu wanataka kupigana siku ya kwanza. Mimi huwapa kisa cha fainali ya karate ya Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, uzito wa zaidi ya kilo 75. Tareg Hamedi wa Saudia alikuwa anaongoza 4-1. Akamtandika Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la kichwa, jamaa akazimia, akatolewa kwa machela. Alipozinduka akaambiwa dhahabu ni yake.

Hapo hakuna uonevu. Kanuni za mashindano yale zinaruhusu teke la kichwani, ila lazima ulizuie lisiumize. Hamedi hakulizuia, basi akaondolewa.

Mitindo inatofautiana, kweli. Kwetu Shotokan pigo huishia karibu na ngozi. Wenzetu wa Kyokushin wanapigana mwili kwa nguvu zote, lakini ngumi ya usoni ni marufuku. Kila mtindo una mpaka wake.

Ndiyo maana tunainamiana kabla na baada ya kumite, yaani pambano. Si mbwembwe. Mwenzako amekuazima mwili wake ujifunzie, na kesho ana mtihani. Kwa hiyo punguza kucha, vua saa na hereni. Ukipangwa na mwenye mkanda mweupe, shusha nguvu. Sensei akisema "Yame!", acha papo hapo, hata kama mguu uko hewani.

Kumpiga mtu, hata mlevi wa mtaani anaweza. Kuusimamisha mguu karibu na sikio la mwenzako ndiyo kazi inayotutoa jasho.