Kuvu ya Mahindi: Sumu kwa Mtu, Sumu kwa Mfugo



Mwaka 1975 hapa Tanzania kulikuwa na kampeni iliyoitwa "Chakula ni Uhai". Watu walikaa katika vikundi, wakasoma na kujadili juu ya chakula bora. Maneno hayo ni ya kweli hata leo. Lakini chakula kikiharibika, kinaweza kuondoa uhai badala ya kuulinda.

Katika somo hili tutajifunza juu ya kuvu inayoota kwenye mahindi na karanga. Tutaona inavyomdhuru mtu. Tutaona pia inavyomdhuru kuku, ng'ombe na mbwa. Mwisho tutajifunza namna ya kujikinga.

1. KUVU NI NINI?

Umepata kuona mahindi yenye ukungu wa rangi ya kijani au manjano. Huo ukungu ndio kuvu. Ni kiumbe hai kidogo sana kisicho na majani wala mizizi kama ya mimea. Mbegu zake ni kama vumbi. Zimo katika udongo na katika hewa. Hupenda sana joto na unyevu.

Ziko kuvu za namna nyingi. Baadhi yake hutengeneza sumu ndani ya punje. Sumu hiyo inaitwa sumukuvu. Hupatikana hasa katika mahindi na karanga.

Sumukuvu haina rangi. Haina harufu. Haina ladha. Kuvu unaweza kuiona kwa macho, lakini sumu yake huwezi kuiona. Kwa hiyo punje inaweza kuonekana nzuri, kumbe ina sumu.

Tena sumu hii haiogopi moto wa jikoni. Ukipika ugali, sumu inabaki. Ukikaanga karanga, haiishi. Watu wengine huosha mahindi yenye kuvu, wakayaanika tena juani. Kuvu inatoka na mahindi yanapendeza, lakini sumu iliyokwisha kuingia ndani ya punje inabaki mle mle.

2. SUMU HII ILIVYOJULIKANA

Mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda wa miezi michache. Wafugaji walishangaa. Waliuita ugonjwa huo "Ugonjwa X", maana hakuna aliyejua ni ugonjwa gani. Wengi walidhani umeletwa na vijidudu vya kuambukiza.

Wataalamu walichunguza chakula cha ndege hao. Wakaona kwamba walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil. Karanga hizo zilikuwa na kuvu. Basi haukuwa ugonjwa wa kuambukiza. Ilikuwa ni sumu ndani ya chakula.

Kwa hiyo mifugo ndiyo iliyotufundisha juu ya sumu hii. Tukumbuke jambo hili tunapoona kuku au mbwa wetu wanakufa bila sababu kujulikana. Tuulize: wamekula nini?

3. ILIVYOUA WATU KARIBU NA KWETU

Mwaka 1981 katika Wilaya ya Machakos nchini Kenya, watu 20 waliugua ini baada ya kula mahindi yenye kuvu. Kati yao 12 walikufa.

Mwaka 2004 balaa kubwa zaidi lilitokea huko huko Kenya, hasa katika Wilaya za Makueni na Kitui. Watu 317 waliugua. Kati yao 125 walikufa.

Kwa nini ilitokea hivyo? Kwanza kulikuwa na ukame. Mahindi yaliyokosa maji shambani hudhoofika, na kuvu hushika kwa urahisi. Kisha mvua ilinyesha wakati wa mavuno. Mahindi yakavunwa yakiwa na unyevu. Watu wengi waliyaweka ndani ya nyumba kabla hayajakauka, kwa kuogopa wezi. Ndani mle mlikuwa na joto na hewa haba. Kuvu ikaota kwa nguvu.

Mwaka 2016 jambo kama hilo lilitokea hapa Tanzania, katika Mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu waliugua, na baadhi yao walikufa.

Watu hawa hawakuwa wavivu wala wachafu. Walilima wakavuna kama wewe na mimi. Walikula chakula walichokuwa nacho.

4. SUMUKUVU HUFANYA NINI MWILINI?

Sumu hii hushambulia ini. Ini ni kiungo kikubwa kilicho upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Kazi yake moja ni kuondoa sumu katika damu.

Mtu akila sumukuvu nyingi kwa mara moja au kwa siku chache, huugua upesi. Dalili zake ni hizi:

– kutapika na kukosa hamu ya kula;
– maumivu ya tumbo;
– macho kuwa ya manjano;
– tumbo au miguu kuvimba.

Ukiona dalili hizi, mpeleke mgonjwa kituo cha afya mara moja. Mweleze mganga ni chakula gani kimeliwa nyumbani. Kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaugua pamoja, sema hivyo pia. Kisha acheni kula mahindi hayo.

Mtu akila sumu kidogo kidogo kwa miaka mingi, hasikii kitu. Lakini ini linaumia polepole. Mwishowe anaweza kupata saratani ya ini. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mtu mwenye ugonjwa wa homa ya ini.

Na watoto je? Watafiti wameona kwamba watoto wanaokula sumu hii mara kwa mara mara nyingi hawakui vizuri. Mtoto huanza kuila mapema, kwa sababu uji wake ni wa mahindi, na mara nyingi huchanganywa na karanga. Hata mama anayenyonyesha akila chakula chenye sumu, sehemu ya sumu hupita katika maziwa yake. Lakini mama asiache kunyonyesha. Maziwa ya mama bado ni chakula bora cha mtoto. Dawa ni mama kula chakula kisicho na kuvu.

5. "BASI TUWAPE KUKU"

Wengi wetu tukiona mahindi yameoza, tunasema: "Haya hayafai kwa watu. Basi tuwape kuku." Hebu tufikiri vizuri juu ya maneno haya.

Kuku wakila sumukuvu hawakui. Hutaga mayai machache. Huugua ovyo, maana mwili umekosa nguvu ya kupigana na magonjwa. Bata na bata mzinga ni dhaifu zaidi, hufa upesi. Nguruwe, ndama na mbwa nao hudhurika na hata kufa.

Ng'ombe mkubwa huvumilia kidogo. Lakini ukimlisha pumba au mashudu yenye kuvu, sumu hutokea katika maziwa yake siku hiyo hiyo au kesho yake. Kuchemsha maziwa hakuiondoi. Kwa hiyo ile sumu uliyoikataa katika ugali inakurudia katika chai. Ukiacha kumlisha chakula hicho, maziwa husafika baada ya siku chache.

Wengine husema: "Basi tupikie pombe." Hilo nalo si jema. Pombe haiui sumukuvu. Na wengine huchanganya mahindi mabovu na mazuri, wakayauza. Mnunuzi naye ana watoto. Wahenga walisema, sumu haionjwi.

6. TUFANYE NINI?

Kuvu haiwezi kuota bila unyevu. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ni kukausha.

(a) Vuna mapema mahindi yakikomaa. Usiyaache shambani yakanyeshewa na kuliwa na wadudu.

(b) Usirundike mahindi mabichi. Usiyatie katika magunia kabla hayajakauka.

(c) Usianike juu ya udongo. Udongo una mbegu za kuvu na unyevu. Anika juu ya kichanja, mkeka au turubai. Jioni au mvua ikija, funika.

(d) Chambua. Ondoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Wakati wa kupukuchua, usiyapige kwa fimbo sana, maana punje zikipasuka kuvu huingia.

(e) Safisha ghala kabla ya kuweka mavuno mapya. Ondoa mahindi ya zamani.

(f) Weka magunia juu ya chaga za mbao, mbali kidogo na ukuta. Paa lisivuje. Zuia dumuzi na panya. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri, lakini tia humo mahindi makavu tu.

(g) Koboa mahindi kabla ya kusaga. Sehemu kubwa ya sumu hukaa katika ganda na kiini, kwa hiyo kukoboa huipunguza. Lakini kumbuka kwamba sumu hiyo imekwenda katika pumba. Pumba za mahindi mabovu usimpe mnyama.

(h) Kula vyakula vya namna mbalimbali. Viazi, ndizi, maharage na mboga vikiwapo, mtu hategemei mahindi peke yake asubuhi, mchana na jioni.

(i) Uji wa mtoto utoke katika mahindi na karanga nzuri kuliko zote ulizo nazo. Chambua kwanza zake, ndipo uchambue za wakubwa.

7. KIPIMO CHA CHUMVI

Utajuaje kama mahindi yamekauka? Chukua chupa kavu inayoonyesha ndani. Tia mahindi mpaka theluthi moja ya chupa. Ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa juani. Funga chupa, tikisa kwa dakika moja. Iache kwa dakika 15.

Tazama chupa. Kama chumvi imenata ubavuni mwa chupa, mahindi bado yana unyevu. Yaanike tena. Kama chumvi yote imeanguka chini, yamekaribia kukauka vya kutosha. Ongeza jua la siku moja au mbili, kisha hifadhi.

8. KAMA YAMEKWISHA KUHARIBIKA

Kutupa debe la mahindi ni uchungu, hasa njaa ikiwa mlangoni. Kwa hiyo usitupe yote kwa hofu. Kama ni punje chache, chambua kwa makini na uzifukie zile mbovu mahali ambapo kuku hawawezi kufukua. Kama gunia zima limeshika kuvu, usilile wala usiliuze. Mwite afisa kilimo au afisa afya wa mahali pako, akuonyeshe la kufanya. Uongozi wa kijiji nao upewe habari, ili nyumba iliyopoteza chakula isaidiwe. Mtu mwenye njaa hawezi kukataa sumu peke yake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kupika ugali hakutoshi kuondoa sumukuvu?
2. Bata mzinga wa Uingereza walikufa kwa sababu gani?
3. Katika kijiji chetu, mahindi mabovu huenda wapi?
4. Mavuno yakikutana na mvua, majirani wanaweza kusaidianaje kukausha?
5. Nyumba yenye gunia moja tu la mahindi, nalo limeshika kuvu, tutaisaidiaje?

KAZI YA KUFANYA

Kila mwanakisomo alete kikombe kimoja cha mahindi kutoka nyumbani. Yapimeni kwa kipimo cha chumvi. Andikeni katika daftari: mahindi ya nani makavu, ya nani bado. Juma lijalo yapimeni tena.