Cheo, Kazi na Nishani: Somo Kutoka kwa Makadeti

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za skauti wa shule. Nami nimeona heri, badala ya kuhesabu safari tulizofanya, nieleze jambo lililotusumbua muhula uliopita, yaani jambo la vyeo. Wengi wenu mlilisikia mabwenini, na wazazi wengine waliniandikia barua. Basi yafaa lielezwe wazi, na kwanza nikiri kosa langu.

Mwanzoni mwa mwaka nilitakiwa kuchagua kiongozi wa kikosi kimoja cha vijana wanane. Nikatazama mikono ya mashati yao. Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu alikuwa na beji tisa: ya huduma ya kwanza, ya upishi, ya kuogelea na nyinginezo, zote zimeshonwa vizuri na mama yake. Nikasema, huyu ndiye. Sikuuliza zaidi ya hapo.

Mwezi wa tatu tukafanya safari ya miguu ya kilomita 14. Kiongozi huyo alitaka kikosi chake kiwe cha kwanza kufika kambini, akaenda mbio pamoja na wenye miguu mirefu. Mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza alikuwa amevaa viatu vipya, vikamtoa malengelenge, akabaki nyuma peke yake. Nilihesabu watu kambini nikaona wawili wamepungua, na saa ile sitaisahau. Walitokea baada ya magharibi: mtoto amebeba viatu mkononi, anachechemea, ameshikwa bega na mwenzake aliyekuwa amerudi njiani kumtafuta bila ya kuagizwa na mtu. Mwenzake huyo alikuwa na beji moja tu, na hiyo moja aliipata kwa kurudia mtihani.

Nikabadili uongozi wa kikosi. Haikupita wiki, baba yake yule wa beji tisa akaja shuleni. Ni mtu mwungwana, hakupaza sauti. Akaniuliza, "Mwalimu, mwanangu ameshinda mitihani tisa mliyomwekea ninyi wenyewe. Kama beji si cheo, basi beji ni kitu gani?" Nilimjibu maneno mengi, lakini nilipomsindikiza mpaka langoni nilijua kwamba sikumjibu.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, ambaye anakaa na wazazi wake katika jimbo la Ohio huko Marekani. Ana miaka 15, naye ni kadeti katika chama kiitwacho Civil Air Patrol. Nilikuwa nimesikia kwamba amepata usajini, nami nilicheka kidogo, maana mtoto huyo nilimwacha akiogopa mbuzi. Sasa nikamwandikia kumwuliza vyeo vyao hupatikanaje. Akanijibu kwa barua ndefu kuliko nilivyotazamia, nami nikayasoma mengine mwenyewe. Nayaeleza hapa kwa kuwa wenzetu hao wamelifikiri jambo hili kwa miaka mingi.

Chama hicho kiliundwa tarehe 1 Desemba 1941, siku sita tu kabla ya Wajapani kupiga bandari ya Pearl Harbor, ili marubani raia wasaidie ulinzi wa nchi yao. Mwaka uliofuata wakaanza kupokea vijana. Tangu 1948 ni msaidizi rasmi wa Jeshi la Anga la Marekani. Kijana huingia akiwa na miaka 12 au zaidi, kabla hajafika 19, naye aweza kukaa mpaka miaka 21. Siku ya kwanza hana alama yoyote ya cheo, awe mtoto wa jenerali au wa mfagizi.

Hapo mbele yake pana ngazi. Ili apande daraja moja sharti ajifunze mambo ya namna nne: uongozi, elimu ya anga na ndege, mazoezi ya mwili, na mwenendo mwema. Hana budi kuhudhuria kwa bidii, na kati ya daraja moja na jingine zipite wiki nane zisizopungua. Hata awe hodari namna gani, wiki nane hazipunguzwi. Mimi niliposoma hayo nilikumbuka jinsi tulivyompa kijana mmoja hapa kwetu beji tatu kwa Jumamosi moja, nikaona haya.

Madaraja mengi yamepewa majina ya watu. La kwanza ni la Jenerali John Curry, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa chama chenyewe. Liko la Mary Feik, mwanamke fundi na mhandisi wa ndege. Liko la Robert Goddard, aliyerusha roketi ya kwanza ya mafuta ya maji mwaka 1926, na la Neil Armstrong, aliyekanyaga mwezi mwaka 1969. Mpwa wangu alipofika daraja la ndugu wawili Wright alifurahi kupita kiasi, maana watu hao walikuwa mafundi wa baiskeli katika mji wa Dayton, huko huko Ohio. Ndege yao ya kwanza, tarehe 17 Desemba 1903, ilikaa hewani sekunde 12. Aandika mpwa wangu: "Mjomba, ni muda wa kufunga kamba za kiatu kimoja."

Daraja hilo la Wright ndilo limpalo kadeti cheo cha sajini taji. Mbele zaidi liko la Billy Mitchell, limfanyalo luteni usu, nalo halipatikani kwa yule ambaye hajakaa katika kambi yao kubwa ya mafunzo. Kisha Amelia Earhart, rubani aliyepotea juu ya bahari ya Pasifiki mwezi wa Julai 1937: huyu hutoa ukapteni. Kisha Ira Eaker, na juu kabisa Carl Spaatz, mkuu wa kwanza wa Jeshi la Anga la Marekani lilipokuwa jeshi la peke yake. Anayemaliza hilo huitwa kadeti kanali, nao ni wachache sana.

Mpaka hapa mtaona kama kwamba baba yule alisema kweli: shinda mitihani, panda cheo. Lakini sikilizeni lililompata mpwa wangu. Alikwisha kushinda kila mtihani wa daraja la Wright. Mbio alikimbia, karatasi alijibu, gwaride alifanya. Wiki nane zikatimia. Akaenda mbele ya mkuu wa kikosi akitazamia kuvikwa alama, naye mkuu akakataa kutia sahihi. Akamwambia: "Mitihani yako ni mizuri. Lakini nimekutazama na wadogo. Unawafokea mbele ya wenzao, na wawili wameacha kuja. Sajini ni mtu wa kuwalea hao. Bado hujawa tayari." Kisha akamwandikia juu ya karatasi mambo matatu ya kurekebisha, wakapanga siku ya kukutana tena.

Mpwa wangu asema alilia ndani ya gari la baba yake. Ila jambo la kuangaliwa ni hili: mitihani aliyoshinda haikufutwa, na hakuna aliyemwita mjinga. Alingojezwa tu. Kwa maana katika utaratibu wao mtihani huonyesha kwamba kijana anajua, na sahihi ya mkuu huonyesha kwamba anafaa kukabidhiwa watu. Vitu viwili hivyo havichukui nafasi ya kimoja kwa kingine. Kadhalika mkuu hawezi kumpandisha kipenzi chake asiyeshinda mtihani, hata ampende vipi. Mimi kwa upande wangu nilikuwa nimetumia kitu kimoja kufanya kazi ya vyote viwili.

Tena wao hutenganisha cheo na kazi. Cheo kadeti hukivaa kila aendako katika chama. Kazi, kwa mfano kuongoza kundi dogo, kutunza vifaa, au kuwa kiongozi wa makadeti wote wa kikosi, hupewa kwa muda na huondolewa, apate mwingine kujifunza. Mtu akitoka katika kazi yake cheo chake hubaki, wala si fedheha. Laiti ningalikuwa nimelieleza jambo hili kikosini tangu mwanzo, kijana wetu asingalidhani kwamba amevuliwa nguo hadharani.

Nishani nazo ziko za namna mbili. Nyingi ni tepe za rangi za kifuani zinazokuja pamoja na madaraja. Hizo hazishindaniwi, yeyote atimizaye kipimo huzipata, hata wakiwa ishirini kwa siku moja. Lakini ziko chache ambazo hazina kitabu cha kusoma wala mtihani: nishani ya ushujaa ya fedha na ya shaba, na ile ya kuokoa maisha ya mtu. Hizo hazina wiki nane. Kadeti wa siku ya kwanza aweza kuipata, na kanali aweza kumaliza miaka yake yote asiipate.

Kuhusu faida ya vyeo hivyo huko nje, nitasema kwa ufupi, maana wanafunzi wengi wameniuliza. Kadeti kanali hamwamuru askari hata mmoja wa jeshi la kweli. Aliyepata daraja la Mitchell, akijiunga na Jeshi la Anga, huanzia ngazi ya tatu ya askari wa kawaida badala ya ile ya kwanza. Basi. Uluteni wake huuacha mlangoni.

Sisi si makadeti, na sitaki shule yetu iige kila kitu. Skauti wana desturi yao tangu kambi ya kisiwa cha Brownsea mwezi wa Agosti 1907, ambako Baden-Powell aliwagawa vijana katika vikosi vinne, kila kimoja na kiongozi kijana. Lakini nimeazima mambo mawili. Kwanza, beji moja isifuatwe na nyingine kabla ya wiki nane. Pili, anayetaka kuongoza kikosi atahojiwa na watu watatu: mimi, mwalimu mmoja asiye wa skauti, na mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Kwanza atakayechaguliwa na wenzake. Kuhusu huyu wa tatu baadhi ya walimu wenzangu wamenicheka. Hata hivyo nimekwisha kuona kwamba wadogo ndio wajuao ni nani huwangojea njiani.

Asiyekubaliwa ataandikiwa sababu, naye ataruhusiwa kurudi muhula ujao. Barua hiyo itasomwa na mzazi wake pia. Baba yule nilimpelekea nakala ya utaratibu huu, naye akanirudishia ikiwa na mstari mmoja chini yake: aliuliza kama mtoto aliyekosa mara moja aweza kuhojiwa. Nikamjibu kwamba aweza.

Mahojiano ya kwanza yatakuwa Jumamosi ya wiki ya tisa ya muhula ujao, saa nne asubuhi, katika chumba cha maktaba. Majina sita yamekwisha kuandikwa. La kwanza ni la yule wa beji moja, aliyeandikwa na wenzake mwenyewe akiwa hayupo. La pili ni la kijana wa beji tisa, kwa mwandiko wake mwenyewe.